Bei mpya ya pigo la paladini

Kitabu cha wachezaji wa Dungeons & Dragons kilichotoka Septemba 2024 kimebadilisha mengi, lakini kwa wanaocheza paladini, yule askari wa kiapo, ubishi umeganda kwenye Divine Smite, pigo lake la kiuchawi. Kwa kanuni za 2014, akishampata adui kwa silaha, paladini angeweza kutumia nafasi moja ya uchawi papo hapo na kuongeza dadu za nyuso nane: mbili kwa nafasi ya daraja la kwanza, tatu kwa la pili, na kuendelea.

Tupige hesabu. Paladini wa ngazi ya 5 hushambulia mara mbili kwa zamu na ana nafasi mbili za daraja la pili. Wastani wa dadu moja ya nyuso nane ni 4.5, kwa hiyo tatu ni 13.5. Mashambulizi yote mawili yakipata, hiyo ni 27 juu ya madhara ya upanga wenyewe. Jitu ambalo mwendeshaji mchezo alikesha akiliandaa linaanguka kabla wengine hawajagusa dadu zao.

Sasa Divine Smite ni uchawi kamili, unaotumika kama tendo la ziada mara tu baada ya kupiga. Kila mhusika ana tendo la ziada moja tu kwa zamu, hivyo 27 imerudi 13.5. Lakini sharti hilo linabana kwingine pia. Adui akikupa mgongo na ukamshambulia nje ya zamu yako, pigo halipo. Aliyechanganya paladini na barbarian hawezi kulitumia akiwa ndani ya hasira yake, maana hasira hairuhusu uchawi. Mchawi wa upande wa pili anaweza kulizima kwa Counterspell.

Kuzuia lisirudiwe katika zamu moja ni haki. Ninachokipinga ni kulipia kwa tendo la ziada, kwa sababu kitabu hichohicho kimehamishia hapo Lay on Hands, uponyaji wa kugusa. Mwenzako anakata roho miguuni pako na upanga umempata adui: chagua moja. Rasimu moja ya majaribio ya kanuni hizi, ya 2023, ilitosheka na mara moja kwa zamu bila kugusa tendo la ziada, nayo ilikuwa nadhifu zaidi.

Kuna faida, tukubali. Searing Smite na Smite nyingine zamani ziliandaliwa kabla ya kupiga, na ukikosa unabaki umeshikilia uchawi hewani. Sasa zote hutumika baada ya kupata, kwa sharti lilelile, na hatimaye zina sababu ya kuchaguliwa.

Kasoro kubwa ya zamani, hata hivyo, haijaguswa. Dadu ya nyuso ishirini ikitua kwenye 20, dadu zote za pigo huongezwa maradufu, na paladini huamua kulipia akiwa ameshaiona hiyo 20. Ni sawa na kuweka dau baada ya mpira kwisha. Wabunifu wamepunguza idadi ya mapigo, wakaacha ule uhakika unaowafanya wachezaji walimbikize nafasi zao zote wakiisubiri hiyo 20.

Mezani kwangu ningeandika hivi: mara moja kwa zamu, tendo la ziada lisiguswe, na anayetaka kulitumia atamke kabla ya kurusha. Akikosa, nafasi yake ya uchawi inabaki.