Kupiga Picha na Kupigwa Picha: Suala la Jina katika Picha za Safari

Msemaji wa Kiswahili aendapo studio husema kuwa anakwenda kupiga picha. Mwenye kamera ni mtu mwingine, lakini mtenda katika sentensi ni yule aliyevaa nguo zake za sikukuu na kuketi kitini. Msafiri anaposimamisha gari kando ya njia na kumwelekezea kamera mchungaji, sentensi hugeuka: mchungaji amepigwa picha. Tofauti hii ya kauli si jambo la sarufi peke yake. Ndani yake mna swali ambalo uhakiki wa picha za safari umelikwepa kwa muda mrefu, nalo ni la umilikaji: picha ni ya nani?

Uhakiki huo umezoea kushughulikia fani. Husifu mwanga na kivuli, mpangilio wa mistari, na jinsi uso ulivyokaa ndani ya fremu. Maudhui huachiwa yale maelezo mafupi yachapwayo chini ya picha, na maelezo hayo ni nadra kuhakikiwa. Ajabu ni kuwa hapo ndipo lugha ilipo. Picha yenyewe ni bubu. Haisemi aliyemo ni nani, alikuwa akifanya nini, wala aliambiwa nini kabla kamera haijainuliwa. Hayo yote husemwa na maneno. Maneno yakiwa ya uongo, au yakiwa pungufu, picha nayo hudanganya hata ikiwa kila kilichomo kilikuwapo kweli.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni picha aliyoipiga Dorothea Lange huko Nipomo, California, mwezi wa Machi 1936, ambayo ulimwengu huiita "Mama Mhamaji". Lange alikuwa ameajiriwa na serikali ya Marekani kuonyesha hali ya wakulima na vibarua waliong'olewa makwao na ukame na mdororo wa uchumi. Alikuwa njiani kurudi nyumbani alipokipita kibao cha kambi ya wachuma njegere. Aliendelea mbele kiasi cha maili 20, kisha akageuza gari. Katika masimulizi aliyoyachapisha mwaka 1960 alisema kuwa hakumwuliza yule mwanamke jina lake wala historia yake. Aliambiwa umri tu, miaka 32. Alieleza pia kuwa familia ile ilikuwa ikila mboga zilizoharibiwa na baridi mashambani na ndege waliouawa na watoto, na kwamba mama huyo alikuwa ndio kwanza ameuza magurudumu ya gari lake apate chakula.

Picha za siku ile zilipotokea katika gazeti la San Francisco News, serikali ilipeleka kambini ratili 20,000 za chakula. Kwa kipimo cha wale wanaodai kuwa sanaa haina budi kuwa na manufaa kwa jamii, kazi ya Lange ilifaulu pale pale. Lakini chakula kilipowasili, mwanamke aliyekifanya kije alikuwa amekwisha kuondoka na wanawe.

Jina lake halikujulikana kwa umma hadi 1978, Lange akiwa amefariki tangu 1965. Aliitwa Florence Owens Thompson, Mcherokee aliyezaliwa Oklahoma mwaka 1903. Masimulizi yake na ya watoto wake hayakulingana na yale ya 1960. Familia haikuwa imeuza magurudumu. Gari lilikuwa limeharibika, nao walikuwa wakingoja litengenezwe ili waendelee na safari yao. Thompson alilalamika kuwa hakuulizwa jina, kwamba aliahidiwa picha haitauzwa, na kwamba nakala aliyoambiwa angeletewa haikufika. Alisema angependa kuwa picha ile isingepigwa kamwe.

Hapa ndipo mhakiki anapopaswa kurudi kwenye picha na kuitazama upya. Nguvu yake yote ya kisanaa imo katika kutokuwa na habari. Watoto wawili wamegeuza nyuso na kuzificha mabegani mwa mama yao. Mama ameinua mkono shavuni na kutazama mbali. Nyuma yao hamna chochote ila turubai la hema. Hakuna gari linalotengenezwa, hakuna mume aliyekwenda mjini, hakuna Mcherokee. Mtazamaji hupewa mateso yasiyo na mahali, naye huyajaza kwa huruma yake mwenyewe. Pembeni chini kilionekana kidole gumba cha mama huyo kimeshika mlingoti wa hema. Baadaye Lange aliagiza kifutwe kwa kuwa kiliharibu mpangilio. Jicho lililoudhiwa na kidole gumba kimoja halikuudhiwa na ukosefu wa jina.

Kumshutumu Lange kwa tamaa kungekuwa dhuluma. Picha ilikuwa mali ya serikali, na yeyote aliweza kuichapisha bila kumlipa yeye. Tena hakuwa mtu wa kudharau maneno ya watu. Katika kitabu An American Exodus, alichokitoa mwaka 1939 pamoja na mumewe, mwanauchumi Paul Taylor, kurasa zimejaa kauli za wakulima wenyewe, zilizonukuliwa kama zilivyosemwa barabarani na mashambani. Alijua, basi, jinsi maelezo ya picha yanavyopaswa kuandikwa. Siku ya Nipomo hakuyaandika hivyo, na siku hiyo ndiyo iliyobaki.

Mwaka 1983 Thompson alipougua, watoto wake waliomba msaada kwa umma, na zaidi ya dola 30,000 zikachangwa na watu waliomfahamu kwa ile sura tu. Alifariki mwaka huo huo. Juu ya kaburi lake, chini ya jina lake kamili, pamechongwa maneno yanayomtaja kuwa Mama Mhamaji. Wahakiki wanaosema kuwa maelezo ya picha ni jambo dogo wangefaa kuwazia jiwe hilo.

Kisa cha Steve McCurry kinafanana na hiki, ila kinaongeza tatizo lisilokuwamo katika kile cha kwanza. Mwaka 1984, katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh karibu na Peshawar, Pakistani, alimpiga picha msichana wa Kiafghani mwenye macho ya kijani. Jarida la National Geographic liliitoa jaladani mwezi wa Juni 1985. Kwa miaka 17 msichana huyo aliitwa kwa taifa lake na jinsia yake tu, na hakuwa ameiona picha hiyo hadi alipotafutwa na kupatikana mwaka 2002. Ndipo ilipojulikana kuwa ni Sharbat Gula. Mwaka 2016 alikamatwa Pakistani kwa shtaka la kuwa na kitambulisho cha kughushi, akarudishwa Afghanistani. Mwaka 2021, baada ya Taliban kurejea madarakani, alipokewa Italia.

Mtetezi wa McCurry anaweza kuuliza: jina lilimfaa nini? Uso unaotambulikana duniani kote, ukifungamanishwa na jina, huwa hatari kwa mkimbizi. Hoja hii ni nzito, na haiondolewi kwa kurudia kuwa kila picha iwe na jina. Lakini kuna tofauti kati ya jina lililofichwa kwa sababu mwenyewe ameomba lifichwe, na jina lisiloandikwa kwa sababu halikuulizwa. La kwanza ni siri ya watu wawili. La pili si siri. Ni nafasi tupu, na nafasi hiyo hujazwa upesi na jina la kabila au taifa.

Afrika ya Mashariki inaifahamu vyema nafasi hiyo. Kadi za posta zilizouzwa kwa watalii Nairobi na Mombasa kwa miongo mingi zilitosheka na maneno kama "shujaa wa Kimaasai" au "mwanamke wa Kiturkana", kwa namna ile ile ambayo kadi ya pili ilitosheka na "twiga". Kitabu cha Mirella Ricciardi cha 1971 kiliitwa Vanishing Africa, yaani Afrika inayotoweka. Picha zake ni za ustadi mkubwa, na hakuna haja ya kuupunguza ustadi huo. Tatizo ni jina la kitabu. Neno hilo la kutoweka halikupigwa na kamera. Liliandikwa jaladani, na humfanya kila aliyemo ndani aonekane wa mwisho wa aina yake. Wamaasai, Wasamburu na Waturkana hawakutoweka, na wajukuu wa watu waliomo kitabuni leo wana kamera zao mifukoni.

Tena katika pwani hiyo hiyo, tangu miaka ya 1940, studio ya N. V. Parekh ya Mombasa ilikuwa ikifanya kazi ya namna nyingine. Watu walikuja kwa hiari, wakachagua mavazi na mikao, wakalipa, na nakala wakaenda nazo nyumbani kuwapa ndugu na wachumba. Hao ndio waliopiga picha kwa maana ile ya Kiswahili.

Hata magazeti ya Kiswahili, ambayo hayakudai kamwe kuwa makumbusho ya sanaa, yana desturi yake. Chini ya picha ya timu ya mpira au ya kamati ya harambee huandikwa "kutoka kushoto", kisha majina hufuatana mmoja mmoja hadi wa mwisho kulia, pamoja na yule aliyefumba macho.