"Kitita cha Mafao": Istilahi Inayohitaji Kupimwa Upya

Miongoni mwa istilahi zilizoenea tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uanze kazi mwaka 2001, ipo moja ambayo hatuna budi kuihoji, nayo ni "kitita cha mafao". Kwa istilahi hii hukusudiwa jumla ya huduma ambazo mwanachama anastahili kupewa hospitalini.

Hatudai kwamba istilahi zote za bima ni mbovu. "Mchangiaji", kwa mfano, ni neno safi. Linaonyesha kwamba mtumishi wa serikali hatibiwi bure, bali hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine. "Mtegemezi" nalo halina utata.

"Kitita cha mafao" ni jambo jingine. Tumchukue mwalimu wa Kahama aliyekaribia kustaafu. Asikiapo "mafao", fikira zake huenda kwenye mkupuo wa pensheni. Asikiapo "kitita", huona noti zilizofungwa pamoja. Na katika nchi ya machimbo ya dhahabu, maana hiyo haifutwi kwa waraka. Basi maneno mawili ya fedha yameunganishwa ili kutaja kitu ambacho mwanachama hapokei hata senti moja mkononi.

Madhara yake si ya wanaisimu peke yao. Kitita kipya kilipoanza kutumika tarehe 1 Machi 2024, baadhi ya hospitali za binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama kwa sababu ya bei zilizowekwa humo. Neno "kitita" likawa limebeba mambo mawili: huduma anazostahili mgonjwa, na bei ambazo Mfuko huilipa hospitali. Ilikuwa vigumu kwa mwanachama kutambua kama kinachobishaniwa ni haki yake au ni malipo ya wengine.

Sasa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inakusudia kuwafikia hata wakulima na wachimbaji wadogo. Wapiga kura wa Msalala au Ushetu, ambao wengi wao lugha yao ya kwanza ni Kisukuma au Kisumbwa, wakimwuliza diwani wao, "Kitita hicho tutakipokea lini?", watakuwa wameuliza swali sahihi kabisa la Kiswahili. Kosa litakuwa la istilahi.

Twapendekeza "stahili za matibabu" kwa huduma, "bei za huduma" kwa malipo ya hospitali, na "mafao" yaachiwe pensheni. Tutaambiwa kwamba "kitita" ni neno fupi na limekwisha kuzoeleka. Ni kweli, lakini limezoewa zaidi na waandikao nyaraka kuliko na mgonjwa asimamaye dirishani, kadi mkononi, akiambiwa kwamba dawa yake haimo. Wafasiri, walimu na watumishi wa umma wanaweza kuanza kumwondolea utata huo, hata kabla ya waraka wowote kuwaagiza.