Dhana, Matunzo na Mchango: Istilahi za Sheria ya Familia Mbele ya Mwananchi

Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilitamka kwamba Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama katika Tanzania, ikiacha mwanya wa kutumia Kiingereza pale haki inapodai hivyo. Tangu hapo mafunzo ya majaji na mahakimu walio kazini yamebeba mzigo ambao zamani hayakuwa nao. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo alikuwa akisikiliza mashauri kwa Kiswahili tangu mwanzo. Wenzake wa ngazi za juu waliandika hukumu zao kwa Kiingereza. Sasa wote hawana budi kuzungumza kwa istilahi zilizo moja. Swali letu katika makala haya ni hili: je, istilahi hizo zinafaa kazi zilizopewa?

Tumechagua sheria ya familia kwa sababu mbili. Kwanza, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilizipa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu, zote kwa pamoja, uwezo wa kupokea mashauri ya ndoa. Hivyo neno moja hupita katika vinywa vya mahakimu wa kila daraja. Pili, katika mashauri haya mdai huja mara nyingi bila wakili. Chukua mfano wa mke na mume wa kata ya Ulemo, wilayani Iramba, mkoani Singida. Wakikosana, kwa kawaida watapita kwanza katika baraza la usuluhishi wa ndoa la kata, kisha ndipo waende mahakamani. Nyumbani wao huenda wanazungumza Kinyiramba. Kiswahili cha mahakama kitawafikia kama kilivyo, na watakielewa kwa maana wanazozijua wao, wala si kwa maana zilizoandikwa katika orodha zetu.

Tuanze na jina la mafunzo yenyewe. Siku hizi husemwa “mafunzo endelevu”. Neno “endelevu” tulikwisha kulipa kazi yake katika “maendeleo endelevu”, yaani yale yasiyomaliza rasilimali za vizazi vijavyo. Kulitwika maana ya pili, ya jambo linalofanywa tena na tena, ni kulidhoofisha pasipo haja. “Mafunzo kazini” yalikuwapo, yanaeleweka na karani na jaji, na hayana ubaya wowote. Kosa hili ni dogo, lakini laonyesha tabia ambayo katika mahakama huzaa makosa makubwa: kutafuta neno linalofanana na la kigeni badala ya kutafuta neno linaloeleweka.

Kosa kubwa liko katika “dhana ya ndoa”. Sheria ya 1971, kifungu cha 160, yasema kuwa mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja kwa miaka 2 au zaidi, hata wakajulikana kuwa ni mke na mume, watahesabiwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kanuni hii ni ngao kwa mwanamke asiye na cheti. Lakini neno “dhana” limekwisha kugawanyika. Kwa mwalimu na mwanachuo, dhana ni wazo la jumla. Basi “dhana ya ndoa” kwake ni maana ya ndoa. Kwa mtu wa kawaida, dhana ni jambo lisilo na hakika, na mara nyingi ni shaka: twasema “dhana mbaya”. Mama wa Ulemo aliyekaa na mwenziwe miaka mingi akiambiwa kuwa kati yao kuna “dhana ya ndoa”, aweza kurudi nyumbani akiamini kuwa mahakama imeitilia shaka ndoa yake, hali sheria imemwekea mkono begani. Twapendekeza “dhanio”, na zaidi ya hayo twapendekeza hakimu afundishwe kulifungua neno hilo kwa kauli nyepesi: “mtahesabiwa kuwa ni mke na mume”.

Jambo la tatu ni “matunzo”. Tazama sentensi hii: “Mama apewe matunzo ya mtoto.” Je, apewe fedha za kumlisha na kumvisha mtoto, au apewe mtoto ili amtunze? Sentensi yachukua maana zote mbili. Amri ya mahakama isiyoeleweka huwarudisha wadaawa barazani, na anayelala njaa wakati huo ni mtoto. Katika sheria ya Kiislamu liko neno la fedha hizo, ambalo ndilo asili ya neno letu “nafaka”; lakini mtu wa bara akisikia “nafaka” huona mtama na uwele, na lugha haiwezi kurudishwa nyuma kwa amri. Twaona yafaa kutenganisha: “gharama za matunzo” kwa fedha, na “ulezi” kwa haki ya kukaa na mtoto na kumlea. Maneno hayo si mapya. Kinachotakiwa ni kila moja kubaki mahali pake.

Tumeliacha mwisho neno lenye uzito kupita yote. Kifungu cha 114 cha Sheria hiyo chatoa uwezo wa kugawanya mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja za mke na mume. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke huingia katika juhudi hizo, ingawa mrufani mwenyewe hakupata fungu kutokana na mambo mengine ya shauri lake. Kenya nayo, kwa sheria yake ya mali ya ndoa ya mwaka 2013, ilitaja kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shambani kuwa sehemu ya kile kinachohesabiwa.

Sasa mahakamani limezoeleka swali: “Mchango wako ulikuwa nini?” Kwetu mchango ni fedha: mchango wa harusi, mchango wa shule, mchango wa msiba. Mwanamke aliyepalilia alizeti, akateka maji na kulea watoto sita atajibu kwa unyofu, “Sikuchanga kitu.” Karani ataandika jibu hilo, nalo litasomwa katika kila ngazi ya rufani kama ungamo. Haki iliyopatikana mwaka 1983 yaweza kupotea kwa swali moja lililoulizwa vibaya. Neno “juhudi” halina kasoro hiyo, kwani jembe na jiko vyote vimo ndani yake. Hakimu na aulize, “Ulifanya kazi gani katika nyumba hiyo?” nalo jibu litajaza kurasa.

Wapo watakaosema kuwa istilahi ni ya wataalamu, na mwananchi ataizoea. Hoja hiyo yaweza kusimama katika elimu ya mimea au ya mitambo. Katika shauri la familia, mwananchi ndiye shahidi, na ushahidi wake ni maneno. Asipolielewa swali, hakuna ufundi wa jaji utakaoliponya jibu.

Kwa hiyo twashauri mambo mawili. Katika mafunzo ya mahakimu, yawe yale ya Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto, au mengineyo, somo la lugha lisiwe kukariri orodha ya maneno, bali mazoezi ya kuuliza maswali na kuandika amri zisizo na maana mbili. Na kabla ya istilahi ya sheria ya familia kusanifishwa, ipelekwe kwanza katika kata kama Ulemo, isomwe mbele ya wazee, akina mama na vijana, waulizwe wameelewa nini. Majibu yao na yaandikwe kando ya kila neno, ili kamati ya istilahi iyasome kabla ya kulipitisha.