Bao la Kiswahili: Uzuri Wake na Kasoro Zake, kwa Kuangalia Mchezo wa Mwanga, Kigoma

Mwanga ni mtaa ulio njiani baina ya Kigoma na Ujiji. Siku za likizo hukaa huko kwa ndugu zangu, na jioni hupita penye kibaraza kimoja karibu na soko ambapo wazee hucheza bao. Miaka ya karibuni nimeona jambo ambalo halikuwapo nilipokuwa mtoto. Ukuta ambao wazee hukaa chini yake, vijana nao huuegemea, kila mmoja na simu yake, wakicheza michezo ya vita vya kubuni: ngome, majini, wafalme na majeshi yaendayo kwa zamu. Mzee hutupa kete, kijana hugusa kioo. Sikuja kuwahukumu vijana. Nilijiuliza tu swali ambalo kwa muda mrefu sikupata kulijibu: kama bao lingeletwa leo mbele ya mhakiki kama kazi mpya ya namna hiyo hiyo, yaani mchezo wa zamu, wa mbinu, wa mji wa kubuni, tena wa gharama ndogo kabisa, angelihukumuje? Bao limesifiwa sana kwetu. Limehakikiwa kidogo.

Nianze na gharama. Bao lililochongwa vizuri kwa mninga au mvule ni chombo cha thamani, lakini mchezo hautaki chombo hicho. Wahitaji mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Pwani hutumiwa komwe. Sisi watoto wa ziwani tulifukua mashimo chini ya mwembe na kuokota kokoto za ufukweni, na bao lile lilikuwa bao kamili, halikupungukiwa na kanuni hata moja. Sijui mchezo mwingine wa cheo hiki usioona tofauti baina ya ubao wa tajiri na udongo wa mtoto. Sataranji ya vijiti huonekana ni sataranji ya kubahatisha. Bao la udongo ni bao.

Sasa tazama mji wenyewe. Kila mchezaji ana safu mbili. Katika safu yake ya mbele pana shimo moja, aghalabu la mraba, liitwalo nyumba. Mashimo ya pembeni ya safu hiyo ni vichwa, na kichwa pamoja na shimo linalofuatana nacho ni kimbi, neno ambalo mimi sijalisikia likitumiwa Mwanga kwa jambo lolote jingine. Mchezo huanza na kete sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kuume kwake. Hizo ni kumi. Nyingine 22 mchezaji huzishika mkononi, na kila zamu huingiza moja. Sehemu hii ya mchezo huitwa namua. Kete za mkononi zikiisha huingia sehemu ya pili, iitwayo mtaji, ambapo hapana akiba tena na kila mtu huishi kwa alicho nacho ubaoni.

Kwa maoni yangu namua ndiyo fahari ya bao, na ndipo lilipowazidi jamaa zake. Jamaa hao ni wengi, na Mwanga ni mahali pazuri pa kuwafahamu, maana watu wameingia kwa reli kutoka Unyamwezi na Usukuma, kwa miguu kutoka Burundi, na kwa mashua kutoka ng'ambo ya ziwa. Wasukuma wana isolo, Wanyarwanda wana igisoro, Waluba wa Kongo wana kisolo. Mwanafunzi wa lugha ataona mara moja kwamba shina ni moja, l na r zikipokezana kama ilivyo desturi ya lugha zetu. Lakini katika igisoro kete zote hutandikwa tangu mwanzo. Hapana mkono wenye akiba, wala hapana nyumba. Ukiacha bawo ya Malawi, ambayo ni ndugu wa karibu, ni bao la Kiswahili lililobuni hali hii ya kuujenga mji huku ukiuteka wa mwenzio, kete baada ya kete.

Nyumba ndiyo kiini cha ubunifu huo. Kete yako ya mwisho ikiangukia nyumbani mwako wakati wa namua, waruhusiwa kusimama, au waweza kuchukua kete zote na kuendelea. Kuendelea huko huitwa safari. Nyumba ikishasafiri haiwi nyumba tena, imekuwa shimo. Msomaji asiyecheza bao na afikiri kidogo juu ya amri hiyo. Mtu amejaza nyumba yake kete kumi na mbili au zaidi, jirani anaivizia, na kila zamu sharti ajiulize: nikae au niondoke? Akikaa mno ataliwa. Akiondoka mapema amejifanya maskini kwa hiari yake. Nimewaona watu wazima wakitokwa na jasho kwa swali hilo, na michezo ya simu niliyoonyeshwa, pamoja na majini yake yote, haikunionyesha swali lililo zuri kama hilo.

Uzuri wa pili ni wa lugha, na hapa nakiri kuwa nina upendeleo wa kazi yangu. Bao halina sanamu hata moja. Halina mfalme wa pembe wala farasi wa mti. Mji wote umo katika maneno. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mchezaji amelala. Akiteka, amekula. Zamu isiyo na cha kula huitwa kutakata, nalo ni neno la usafi. Zamu isiyomwaga damu imekuwa safi. Kutokana na takata kumezaliwa takasa na takasia, kwa kanuni zile zile za mnyambuliko tunazowafundisha wanafunzi darasani, ila hapa zimezaa sheria ya mchezo. Kunamua kwa asili ni kutoa kitu kilichonaswa. Mtaji ni mali ya mfanyabiashara, na kweli anayeingia mtaji mkono umekwisha mkopo, anazungusha alicho nacho. Tena lipo lile neno bao lenyewe. Mpiga ramli hupiga bao, na mchezaji wa mpira hufunga bao. Mwenye kukaa karibu na kibaraza cha Mwanga husikia maana zote tatu katika jioni moja, na wasemaji hawachanganyikiwi hata kidogo.

Uzuri wa tatu ndio nisioweza kuusifu bila kusita. Katika sataranji kilicholiwa hutoka ubaoni. Katika bao kete zilizoliwa huingia upande wa mlaji, na kusiwa kuanzia kichwani kama raia zake. Hakuna kinachokufa. Mwisho wa mchezo kete bado ni 64. Wapo wanaoona humo hekima ya Waswahili, ya kwamba adui wa leo ni jamaa wa kesho. Mimi nimekulia karibu na Ujiji. Hapo ndipo njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora ilipofikia ziwa, ndipo Burton na Speke walipofika mwaka 1858, na ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Njia ile ile ilipitisha pembe, na ilipitisha watu walioliwa upande mmoja wa ziwa wakahesabiwa upande wa pili. Wajukuu wao ni jirani zetu, na baadhi yao ni wachezaji hodari. Kwa hiyo nikisikia kwamba bao ni vita visivyo na kifo, nakubali, lakini naongeza kuwa kete haijaulizwa kama yataka kuhama. Sisemi mchezo umetokana na biashara ile. Hapana ushahidi, na umbo la bao hupatikana hata kusikokuwa na misafara. Nasema tu kwamba mahali pengine sifa hiyo ni nyepesi, na Ujiji ni nzito.

Nije kwenye kasoro. Ya kwanza ni ugumu wa mlango. Mwanafunzi wa bao huona kete zikisiwa, zikila, zikisiwa tena, zikirudi, na zamu moja yaweza kuzunguka mpaka akasahau ilikoanzia. Bingwa huiona zamu ile nzima kabla ya kugusa kete. Alex de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa Zanzibar kwa tasnifu yake ya Leiden ya mwaka 1995, alionyesha jinsi uwezo huo ulivyo mkubwa. Lakini asiye bingwa hachagui, anatupa. Kwa miezi mingi anacheza mchezo wa bahati huku akiambiwa ni mchezo wa akili. Dawa iliyobuniwa ni bao la kujifunza, ambalo kila shimo hutiwa kete mbili, bila namua wala nyumba. Naona dawa hiyo si nzuri. Mtoto hunyimwa nusu iliyo tamu akapewa nusu iliyo kavu, kisha twashangaa kwa nini amekwenda kwenye simu.

Nimesema nusu kavu, na sitalirudisha neno. Mtaji una michezo mizuri, lakini mara nyingi aliyeshindwa hujulikana mapema, na yaliyobaki ni kukokota kete moja moja mpaka safu ya mbele ya mwenzake iwe tupu. Ushindi wa mkononi, yaani unaopatikana kabla ya namua kwisha, ndio unaosimuliwa siku ya pili kibarazani. Ushindi wa mtaji mrefu hausimuliwi na mtu.

Kuna na kasoro ya hesabu yenyewe: ziko zamu zisizo na mwisho, ambazo kete zikipangika kwa namna fulani huzunguka milele. Hutokea mara chache sana, lakini mchezo unaojivunia ukamilifu wa kanuni zake haukupaswa kuacha tundu hilo.

Na kibaraza ni cha wanaume. Dada zangu wawili walikuwa wepesi wa hesabu kuliko mimi, walicheza nasi chini ya mwembe mpaka umri fulani, kisha wakaitwa ndani. Kosa hilo si la kanuni za bao, lakini mhakiki wa mchezo hawezi kuutenga na mahali unapochezwa.

Kasoro kubwa inayotajwa na wageni ni kwamba sheria za bao hazikuandikwa mahali pamoja zikakubaliwa na wote. Stewart Culin, katika makala yake ya Marekani ya miaka ya 1890, aliuita mchezo wa jamii hii mchezo wa taifa la Afrika, na H. J. R. Murray, katika kitabu chake cha mwaka 1952 juu ya michezo ya ubao, alikusanya aina zake nyingi. Nilivisoma nilipokuwa ng'ambo kwa masomo ya udaktari, nikavithamini. Lakini kila nilipolinganisha kanuni zilizochapwa na nilizofunzwa na mjomba wangu, kulikuwa na pengo. Sheria ya kutakasia ni mfano mzuri. Katika mtaji, mchezaji akitakata na kutishia shimo moja tu la mwenziwe, naye mwenziwe hana la kula, shimo lile hufungwa zamu hiyo, ila katika hali kadhaa. Hizo hali kadhaa ndizo zenye ugomvi. Muulize mchezaji wa Mwanga aliyejifunzia Tabora, kisha muulize aliyejifunzia Tanga.

Zamani niliamini kuwa kasoro hii yafaa iondolewe upesi, na kwamba chuo kama chetu kingefanya kazi njema kwa kuchapa sheria moja. Sasa sina hakika, na sababu yake ni jambo nililoliona likizo iliyopita.

Wazee wawili walikuwa katika namua. Mmoja hakuwa na la kula, akatakata kwa kutoa mbili nyumbani kama kanuni inavyotaka, nyumba ikabaki na kete tano. Zamu yake ya pili alitaka kutoa mbili tena. Mwenziwe akamshika mkono. "Hiyo si nyumba tena, bwana. Nyumba ni sita. Chini ya sita ni shimo. Ukiligusa, lisie lote." Yule wa kwanza akajibu kwa utulivu, "Nyumba haikuvunjwa, haikuliwa, haikusafiri. Nyumba ni nyumba hata wakibaki watu wawili." Kibaraza chote kikaingia. Kwa muda wa nusu saa nilisikia maneno ya bao ambayo sikuyasikia tangu utotoni, yakipimwa, yakipingwa, yakitolewa mifano ya wachezaji waliokwisha kufa. Mwanafunzi wangu wa shahada ya pili angehitaji mwaka mzima wa mahojiano kuyapata, na asingeyapata kwa uhai ule. Ndipo nilipotambua kwamba maneno haya hayakai katika mchezo wenyewe. Zamu ikienda sawa, watu hunyamaza. Maneno hutoka sheria inapokuwa na shaka.

Mmoja wa vijana wa ukutani alikuwa na bao ndani ya simu yake, akajitolea kuamua. Akazipanga kete kama zilivyokuwa, akagusa shimo la nyumba, kete zote zikasiwa.

"Simu imekataa, babu," alisema. "Haitoi mbili."

"Imekataa kwa sababu gani?" akauliza mzee.

Kijana akaitazama simu, akaigeuza, akaitazama tena.