Mafundi wa Beringi wa Malaba

Foleni ya malori Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, huwachosha wengi, lakini trela iliyotoka Mombasa, zaidi ya kilomita 900, hapo ndipo hupata tiba. Nawapongeza mafundi wa jua kali wa huku kwetu Amagoro, jirani na Malaba, wanaolala chini ya ekseli huku dereva akisubiri karatasi za forodha.

Dereva hugusa habu za magurudumu kwa kiganja: moja ikichemka kuliko nyingine, beringi inakufa. Fundi hutegea mawe magurudumuni, hupiga jeki, hung'oa habu, huosha grisi ya zamani kwa dizeli. Kisha hutazama, na hapa ndipo ujuzi ulipo. Rangi ya buluu ni alama ya joto. Vishimo vya kutu ni maji yaliyopenya sili. Fundi wa kweli haweki beringi mpya ndani ya kikombe cha zamani, yaani pete yake ya nje, hata mwenye gari alalamikie bei vipi. Hukaza nati akizungusha gurudumu, huilegeza kidogo, hufunga pini. Ikibana mno, beringi itaungua. Ikilegea mno, gurudumu laweza kuchomoka mbele ya bodaboda na watoto wa shule. Ujira wanaolipwa ni mdogo mno kwa dhamana hiyo.

Fundi akimaliza, humwagiza dereva asimame Tororo, ng'ambo ya mpaka, aguse habu tena.