SI KILA "INJURY" NI JERAHA

Katika kusahihisha tafsiri za wanafunzi wetu, mara nyingi tumelikuta neno la Kiingereza injury limegeuzwa jeraha, pasipo kuuliza kwanza limesimama mahali gani. Mwanafunzi halaumiki sana, ndivyo tulivyomfundisha. Lakini kosa hili laweza kumpotezea mtu haki yake.

Asili ya neno hilo ni Kilatini, iniuria, yaani jambo lililo kinyume cha haki. Mwili haukutajwa. Wafaransa wamebaki karibu na upande huo: kwao injure ni tusi, na jeraha huliita blessure. Wenzetu wa Bujumbura na Bukavu waujua mtego huu. Waingereza wamelipeleka neno mwilini, ila wanasheria wao hawakuiacha maana ya kale. Mwaka 1410 walimu wa shule moja ya Gloucester, Uingereza, walimshtaki mwalimu mwenzao aliyefungua shule nyingine mjini humo, hata ada yao ikashuka kutoka peni 40 hadi peni 12 kwa robo ya mwaka. Walishindwa. Hasara waliipata, lakini injury haikuwapo, kwa kuwa yule mwenzao hakuvunja haki ya mtu. Mtafsiri atakayeandika kwamba walimu wale "hawakupata jeraha" atalichekesha baraza. Neno la hapo ni dhuluma.

Kiswahili chetu si maskini katika jambo hili. Jeraha ni la kukatwa au kuchomwa. Likikosa dawa hugeuka kidonda. Dhara huenea zaidi: lapata mwili, shamba, hata jina la mtu. Tena tuna vitenzi, na hapa ndipo penye uzito. Aliyeumia mguu huenda alijikwaa mwenyewe. Aliyeumizwa mguu ana mtu aliyemuumiza. Kiingereza husema was injured kwa wote wawili, na msomaji akajitafutia maana katika maneno ya jirani. Basi mkalimani akiandika "aliumia" katika maelezo ya mtu aliyepigwa, mpigaji ametoweka katika sentensi, na hakimu asomaye karatasi ile hana wa kumwuliza. Twaona kosa hili ni zito kuliko makosa mengi ya ngeli tunayoyatia wino mwekundu kila siku.

Limebaki neno majeruhi. Watangazaji wa mpira hupenda kusema mchezaji "ana majeruhi ya goti." Wamedhani ma- hiyo ni ya wingi, kama ya majeraha. Sivyo. Neno limetoka katika Kiarabu majruh, mtu aliyejeruhiwa, nalo ni ndugu wa mahabusu na mashuhuri. Majeruhi mmoja, majeruhi kumi. Kwa kauli ya mtangazaji, basi, mchezaji yule amempakata mgonjwa gotini, na bado anatazamiwa kucheza Jumamosi.