Jukwaa na Kamera katika Vichekesho vya Filamu Bubu: Uhakiki kwa Jicho la Uwanja wa Mapiko

Uhakiki wa vichekesho vya filamu bubu umezoea kuwagawa wasanii katika kambi mbili. Charlie Chaplin, aliyeigiza katika kundi la Fred Karno nchini Uingereza kabla ya kuanza kuonekana katika filamu mwaka 1914, huwekwa upande wa jukwaa. Buster Keaton huwekwa upande wa kamera, ingawa naye alikulia jukwaani pamoja na wazazi wake. Udhaifu wa mgawanyo huo ni kwamba unapima mwendo wa kamera na kusahau nafasi ya mtazamaji.

Udhaifu huo unabainika zaidi suala hili linapotazamwa kutoka katika uwanja wa ngoma. Katika mapiko ya Wamakonde, sanaa isiyo ngeni kwa mtazamaji wa Mnyambe wilayani Newala, mchezaji huvaa kinyago kinachofunika kichwa, mwili wake hufunikwa kwa nguo, naye hasemi. Uso wa kinyago haubadiliki. Kinachochekesha ni mabega, kiuno na miguu inayojibizana na ngoma. Watazamaji huuzunguka uwanja, hivyo mchezaji hana upande wa kujifichia.

Katika *The Immigrant* (1917), Chaplin ameinama kwenye ukingo wa meli, mgongo ukitikisika kama wa mtu anayetapika. Anapogeuka, inadhihirika kuwa alikuwa akivua samaki. Laiti watazamaji wangemzunguka, wa upande wa pili wangekwisha kuiona kamba ya ndoana, na kichekesho kingekufa. Inaweza kudaiwa kuwa jukwaa linalotazamwa kutoka upande mmoja lingeficha vilevile. Dai hilo ni sahihi, nalo linaimarisha hoja: kinachotenda kazi hapa ni upande wa kutazamia, wala si mwendo wa kamera.

Kwa Keaton, *Sherlock Jr.* (1924) ni kielelezo cha wazi cha ufundi wa filamu. Mwonesha sinema anaingia katika picha iliyo ukutani, na mandhari yanabadilika ghafla: anajirusha baharini, anaangukia kwenye theluji. Hata hivyo, katika *Steamboat Bill, Jr.* (1928), ukuta wa mbele wa nyumba unapomwangukia naye kusalimika kwa kupitwa na uwazi wa dirisha, tukio zima linaoneshwa katika picha moja isiyokatwa. Picha hiyo ingekatwa, hatari isingeaminika. Keaton anatii hapa kanuni ya uwanja: mwili mzima, mahali pamoja, mbele ya macho ya wote.

Matokeo ya hoja hii yanahusu uhakiki wa Kiswahili moja kwa moja. Kichekesho cha video hakistahili kudharauliwa kuwa ni mchezo wa jukwaani uliorekodiwa kwa sababu tu kamera yake imetulia. Mhakiki anapaswa kuuliza kwanza utulivu huo unaficha nini na unalinda nini. Vivyo hivyo, anayerekodi mapiko akakimbilia picha ya karibu ya kinyago anahifadhi uso usiosema na kuacha nje miguu inayosema. Kumbukumbu ya namna hiyo itabaki na sanamu, lakini kichekesho kitakuwa kimepotea.